Kitovu kikitokeza: lini ni cha kungoja, lini ni cha kisu

Fungua nepi za watoto kwenye kliniki ya mama na mtoto, iwe Dar es Salaam au Mombasa, na ipo siku utakuta sarafu. Shilingi mia mbili, au kifungo kikubwa cha koti, imekandamizwa juu ya kitovu na kufungwa kwa kitambaa kilichozungushwa kiunoni. Chini yake kuna uvimbe laini unaotuna mtoto akilia na kunywea akilala. Muuguzi huitoa ile sarafu, humkabidhi mama na kumwambia asiirudishe. Mama huipokea kwa adabu. Wakifika nyumbani, bibi wa mtoto huirudisha.

Kwenye hospitali hiyo hiyo, benchi la pili, ameketi mama wa miaka arobaini aliyezaa mara nne. Naye kitovu chake kimechomoza, na kila akiinuka kutoka kwenye beseni la kufulia hukisukuma ndani kwa kidole. Pembeni yake kuna mzee ambaye tumbo limejaa maji, kitovu kimetokeza na ngozi yake imekuwa nyembamba mpaka inang'aa. Wote watatu wataandikiwa kwenye faili jina moja la ugonjwa: ngiri ya kitovu, au henia kama wengi wanavyosema siku hizi. Na wote wana swali moja: ni lazima nipasuliwe?

Majibu ni matatu. Mtoto angoje. Mama apange siku. Mzee atibiwe kwanza kitu kingine. Vurugu ninayoiona kila mada hii inapozuka kwenye vikundi vya WhatsApp hutokana na kuchukua jibu la mmoja na kumpa mwingine. Aliyeona kitovu cha mwanawe kikirudi chenyewe humwambia mama wa miaka arobaini avute subira, na aliyemwona shangazi akikimbizwa hospitali usiku wa manane hutaka mtoto wa miezi sita afanyiwe upasuaji kesho asubuhi.

Tundu kwenye ukuta

Neno lenyewe linachangia kuchanganya watu. Vibao vilivyobandikwa kwenye nguzo za umeme vinatangaza dawa ya ngiri kwa mtu mwenye maumivu ya kiuno, tumbo linalounguruma, haja ngumu, na mwanamume aliyepungukiwa nguvu. Wengine husema mshipa, wakimaanisha ngiri ya kinena au busha bila kutofautisha. Hapa tunazungumzia kitu kimoja tu: kiungo cha ndani, au mafuta yanayokizunguka, kinapopenya kwenye tundu au sehemu dhaifu ya ukuta wa tumbo na kutokeza chini ya ngozi. Ni habari ya ukuta na tundu. Ndiyo maana hakuna mzizi wa kuchemsha wala kidonge kinachoweza kuiponya, kwa kuwa dawa ya kunywa haishoni misuli. Mzizi unaweza kutuliza gesi, na gesi ikitulia uvimbe hupungua siku mbili, mgonjwa akadhani amepona. Tundu liko pale pale.

Tundu la kitovuni kila binadamu amewahi kuwa nalo. Mimba ikifika wiki ya sita hivi, utumbo wa kiumbe hukua upesi kuliko tumbo lenyewe, ukakosa nafasi na kutoka nje kuingia kwenye kiungamwana, ile kamba inayomuunganisha mtoto na kondo la nyuma. Hukaa huko wiki kadhaa, kisha hurudi ndani kati ya wiki ya 10 na ya 12. Mlango unabaki wazi kwa kuwa mishipa ya damu inayotoka kwenye kondo la nyuma hupita hapo hapo. Mtoto akizaliwa na kiungamwana kikakatwa, mishipa ile hunyauka, na pete ya nyama ngumu inayozunguka kitovu hujikaza taratibu mpaka ikafunga. Kwa watoto wengi kazi hiyo huisha mapema. Kwa wengine inachukua miaka, na hao ndio tunaowaona vitovu vimetuna.

Hutokea zaidi kwa watoto wenye asili ya Afrika, kwa waliozaliwa kabla ya wakati na kwa waliozaliwa na uzito mdogo. Wenye hali ya Down, ile ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji na akili, nao huipata mara nyingi, na pia wale ambao tezi ya shingo haifanyi kazi vizuri tangu kuzaliwa. Hao wa mwisho daktari huwapima damu, kwa sababu tezi isipotibiwa hudhuru ubongo, na kitovu kinaweza kuwa miongoni mwa dalili za kwanza kuonekana. Kilio hakisababishi ngiri ya kitovu, wala mkunga hakukosea kufunga. Kilio kinaionyesha tu, kama upepo unavyoonyesha pazia lililolegea. Nalisema hili kwa sababu nimeona wakunga wakisemwa vibaya mtaa mzima kwa kosa ambalo halikuwepo.

Kwa nini mtoto angoje

Mtoto anangojewa kwa sababu pete yake bado inafanya kazi. Kwa idadi kubwa kabisa ya watoto hujifunga yenyewe kabla ya miaka mitano, bila kuguswa na mtu. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kimewashauri madaktari wasiwapeleke watoto hawa kwa daktari wa upasuaji mpaka wafikishe miaka 4 au 5 hivi, isipokuwa kuna dalili mbaya. Na uchunguzi uliofanywa Nigeria ulionyesha kwamba matundu mengine huendelea kujifunga hata baada ya umri huo. Kwa hiyo tarehe ya kuzaliwa ya miaka mitano si kengele ya kuingia chumba cha upasuaji. Ni wakati wa kukaa na daktari mkapima upya.

Hapo kwenye kupima ndipo wazazi wengi wanapopotea, kwa kuwa macho yanavutwa na uvimbe. Kuna vitovu vya watoto vinavyotokeza kama kidole gumba, ngozi imerefuka, inaning'inia, na mama halali usingizi. Daktari akiweka kidole anakuta tundu la chini ya sentimita moja, litakalofunga. Na kuna kitovu kilichotuna kidogo tu, lakini chini yake pete imeachia zaidi ya sentimita moja na nusu; hicho ndicho kinachoelekea kubaki wazi. Kwa mtoto, upana wa mlango ndio unaotabiri kama utafunga. Urefu wa ngozi hautabiri chochote, ingawa ngozi iliyorefuka sana inaweza kubaki na mkunjo hata tundu likishafunga.

Sababu nyingine ya kungoja ni nusukaputi. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba dawa za usingizi zinazotumiwa kwa muda mrefu, au mara nyingi, kwa watoto wa chini ya miaka 3 huenda zikaathiri ubongo unaokua. Upasuaji wa kitovu ni mfupi na hufanywa mara moja, kwa hiyo hofu hiyo isikuzwe. Lakini kumlaza mtoto wa mwaka mmoja kwa jambo ambalo lingepona bure ni kumtwisha hatari isiyo na faida, na zaidi katika nchi ambazo wataalamu wa usingizi wa watoto ni wachache na wamejikusanya kwenye hospitali kubwa. Kwa Tanzania, ukitaka daktari bingwa wa upasuaji wa watoto, majina utakayotajiwa ni ya hospitali kubwa kama Muhimbili ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza. Mtu wa Kigoma au Lindi, aliye mbali na miji hiyo, anajua maana ya orodha hiyo.

Na ile sarafu? Haifungi tundu. Inazuia uvimbe usionekane, na hapo ndipo madhara yanapoanza, kwa kuwa utumbo ukibanwa hakuna atakayeona. Ngozi chini yake hulowa jasho, huchubuka, mara nyingine huoza. Watoto waliofungwa sarafu hupona, ni kweli, na bibi anao ushahidi wa wajukuu sita. Ila wangepona hivyo hivyo bila sarafu. Sipendi kumcheka bibi kwa hili. Kwetu kitovu ni kitu kizito. Mtu akiulizwa kwao ni wapi hutaja mahali kitovu chake kilipozikwa, na kuna nyumba ambazo mama hukesha akichunga kitovu cha mtoto wa kiume kisije kikadondokea mahali pabaya, eti atakuwa hanithi. Familia inayokiangalia kitovu kwa macho hayo haiwezi kuambiwa "kiache tu" ikatulia. Inahitaji kuonyeshwa cha kuangalia.

Cha kuangalia ni hiki: je, uvimbe unarudi? Mtoto akiwa ametulia, amelala chali, sukuma taratibu kwa ncha ya kidole. Ukirudi ndani, pengine kwa mlio mdogo wa maji na hewa, hali ni shwari. Rudia baada ya wiki kadhaa, si kila saa. Mpeleke kliniki kwa ratiba ya kawaida na umwonyeshe muuguzi. Hamna chakula cha kukatazwa, na hamna ulazima wa kumzuia mtoto kulia au kutambaa.

Wapo watoto ambao hawangoji. Ambaye utumbo wake umewahi kunasa, hata kama ulirudishwa, hupangiwa upasuaji mapema. Ambaye pete yake inazidi kupanuka badala ya kupungua, naye hivyo. Na hapa niseme jambo ambalo miongozo iliyoandikwa Ulaya na Marekani hailitilii mkazo. Vitabu vyao vinasema kunasa kwa ngiri ya kitovu ya mtoto ni nadra mno. Lakini madaktari wa upasuaji wa Nigeria na Senegal wameandika juu ya watoto waliofika hospitalini utumbo ukiwa umenasa, si mmoja wala wawili. Huenda ni kwa kuwa ngiri zenyewe ni nyingi huku kwetu, hivyo hata kilicho nadra kikaonekana. Hata hivyo, kungoja kunataka mtu anayejua dalili na hospitali inayofikika. Mzazi anayeishi kisiwani, ambako msimu wa kusi boti halivuki siku mbili, ana haki ya kumwambia daktari hivyo na uamuzi ukapimwa pamoja na bahari hiyo.

Kuna kitanzi kingine cha kwetu. Sera ya afya ya Tanzania inawasamehe watoto wa chini ya miaka mitano gharama za matibabu kwenye vituo vya serikali. Ushauri wa kitabibu unasema ngoja mpaka minne au mitano. Mzazi akingoja kwa utii mpaka mtoto akafikisha miaka mitano na nusu, msamaha umeshamwacha. Nadhani jibu la busara ni kwenda kupimwa mtoto akiwa na miaka minne na miezi kadhaa. Tundu likionekana kubwa na halijapungua tangu mwaka uliopita, upasuaji unaweza kupangwa msamaha ukingali unafanya kazi. Hata kama, kama tujuavyo, kutumwa duka la dawa kununua nyuzi na glavu hakukosekani.

Upasuaji wenyewe kwa mtoto hautishi. Mkato mdogo wa nusu mwezi chini ya kitovu, utumbo unarudishwa, pete inashonwa kwa nyuzi, ngozi inashikizwa ndani ili kitovu kiwe na kishimo. Hauchukui hata saa moja, na mara nyingi mtoto hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kurudia tena ni nadra. Watoto hawawekewi wavu.

Malkia aliyeficha

Kwa mtu mzima habari inageuka, na mfano mkubwa kuliko wote ni wa zamani. Malkia Caroline, mke wa Mfalme George II wa Uingereza, alizaa mtoto wake wa mwisho mwaka 1724. Uzazi huo ulimwachia ngiri ya kitovu. Aliona aibu, akaificha miaka 13. Mumewe alijua, madaktari hawakuambiwa. Tarehe 9 Novemba 1737 alishikwa na maumivu makali ya tumbo na kutapika. Siku zilipita akitibiwa tumbo la kawaida, mpaka siri ilipotoka na mpasuaji aitwaye John Ranby akaitwa. Hakukuwa na nusukaputi enzi hizo. Zaidi ya miaka mia moja ilibaki kabla haijagunduliwa. Walimkata hivyo hivyo. Utumbo ulikuwa umeshaoza, ukapasuka, na tarehe 20 Novemba akafa.

Ninamtaja malkia huyu kwa sababu ugonjwa wake unafanana na wa yule mama wa kwenye benchi kuliko unavyofanana na wa mtoto. Pete ya mtu mzima haijikazi tena. Ngiri nyingi za kitovu za watu wazima hazikutoka utotoni. Zimekuja baadaye, ukuta uliposhindwa kuhimili msukumo wa mimba zilizofuatana, unene, kikohozi cha miaka, kukakamua choo, kunyanyua mizigo. Mlango uliovunjwa kwa kusukumwa haujirudishi, na kwa kuwa msukumo unaendelea, kwa kawaida hupanuka.

Je, basi kila mtu mzima apasuliwe? Hapana. Na hapa ndipo hata madaktari hutofautiana. Mtu mwenye kitovu kilichotuna kidogo, kisichouma, kinachorudi ndani, anaweza kuendelea kufuatiliwa. Watafiti wa Denmark waliwafuatilia watu wazima wenye ngiri za ukuta wa mbele wa tumbo waliochagua kungoja, na wachache tu ndio walioishia kwenye upasuaji wa dharura. Lakini baadhi ya waliongoja walikuja kupasuliwa baadaye kwa sababu maumivu yaliongezeka. Kungoja kwa mtu mzima, kwa hiyo, ni kuahirisha, na kuahirisha kuna mahali pake: mzee mwenye moyo dhaifu, mgonjwa ambaye nusukaputi ni hatari kwake kuliko ngiri.

Kwa aliye na afya na ambaye kitovu kinamuuma, kinazidi kukua, au kinachukua muda kurudi, mimi naona apange siku. Tundu dogo lenye kingo ngumu lisimdanganye mtu. Kwa mtu mzima, kitu kikipenya kwenye shingo nyembamba hurudi kwa taabu, kama mkono ulioingia kwenye mdomo wa chupa. Tundu pana huruhusu utumbo kuingia na kutoka, ingawa nalo lina hatari zake. Nyama ya ndani ikinasa, damu haifiki, na ndani ya saa chache sehemu hiyo huanza kufa. Upasuaji wa kupanga na ule wa usiku wa dharura si kitu kimoja. Ule wa kwanza ni kushona tundu. Wa pili unaweza kumaanisha kukata kipande cha utumbo uliooza.

Nyuzi au wavu

Kwa miaka mingi tundu la mtu mzima lilishonwa kwa nyuzi tu. Mwaka 1901 William Mayo, daktari wa Rochester, Minnesota, alieleza namna yake ya kukunja ukingo mmoja wa ukuta juu ya mwingine, kama mtu anavyopishanisha ncha mbili za koti kabla ya kufunga vifungo. Njia hiyo ilitawala karibu karne nzima. Tatizo lake ni kwamba nyama inayovutwa kwa nguvu ili ikutane huwa na hamu ya kuachana tena, na ngiri hurudi.

Jibu ni wavu mwembamba wa plastiki unaowekwa nyuma au juu ya tundu, nyama ya mwili ikaota ndani yake. Mwaka 2018 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa 300 wenye ngiri ya kitovu ya upana wa sentimita 1 mpaka 4, kutoka hospitali 12 za Uholanzi, Ujerumani na Italia. Nusu walishonwa, nusu waliwekewa wavu. Baada ya miaka miwili na ushee ngiri ilikuwa imerudi kwa asilimia 12 ya walioshonwa na asilimia 4 ya waliowekewa wavu. Miongozo ya vyama vya madaktari wa ngiri vya Ulaya na Amerika iliyotolewa mwaka 2020 inapendekeza wavu tundu likifika sentimita moja, na kuachia nafasi ya nyuzi peke yake kwa lililo dogo zaidi.

Wavu una bei, na huku kwetu bei ndiyo inayoamua mambo mengi. Hapo Uganda wametuonyesha kitu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika The New England Journal of Medicine uliwachukua wanaume 302 wenye ngiri ya kinena. Wengine waliwekewa wavu wa kiwandani wa bei ya dola mia moja na zaidi, wengine kitambaa cha neti ya mbu kilichotakaswa hospitalini, chenye thamani isiyofika hata dola chache. Mwaka mmoja baadaye matokeo hayakutofautiana kwa maana yoyote: ngiri ilirudi kwa mtu mmoja tu wa upande wa neti. Ile ilikuwa ngiri ya kinena, na neti ile ilichaguliwa na kutakaswa kwa utaratibu mkali, kwa hiyo asitokee mtu akakata chandarua cha chumbani. Lakini inatosha kumwuliza daktari wako wa wilaya, bila kuona haya, kama wavu upo na ni wa bei gani, kabla hujaambiwa kwamba nyuzi ndizo pekee zilizopo.

Mjamzito, aliyejifungua, na mwenye tumbo la maji

Mwanamke ambaye kitovu kimetokeza akiwa na mimba kwa kawaida hapasuliwi mpaka ajifungue na mwili utulie kwa miezi kadhaa, isipokuwa ngiri ikinasa. Mji wa mimba unapokua huusukuma utumbo pembeni na mara nyingi tundu huzibwa na mji wenyewe. Akiwa bado anapanga kuzaa, na ngiri haimsumbui, wengi humshauri amalize uzazi kwanza, kwa kuwa mimba ijayo inaweza kufumua kilichoshonwa.

Asichanganye ngiri na misuli ya tumbo iliyoachana baada ya kujifungua. Hiyo hutokeza kama tuta refu la katikati ya tumbo mtu anapojiinua kutoka kitandani, haina tundu, na utumbo haunasi. Mazoezi husaidia wengi wao. Mikanda ya kubana tumbo inayouzwa mtandaoni haifungi tundu la ngiri. Hubana kama sarafu inavyobana, na bei yake ni kubwa kuliko sarafu.

Mzee wa tumbo la maji ana shida tofauti kabisa. Maji hayo mara nyingi yametokana na ini lililoharibika, kwa homa ya ini ya aina B, kwa pombe, au kwa mishipa ya ini iliyoziba kutokana na kichocho cha tumbo, ugonjwa ambao watu wa kandokando ya Ziwa Victoria wanaujua vizuri. Maji yanasukuma kitovu kutoka ndani saa zote ishirini na nne. Ukishona tundu bila kupunguza maji, kidonda huvuja na ngiri hurudi. Kwa hiyo daktari huanza na dawa za kukojosha, kupunguza chumvi, wakati mwingine kuyatoa maji kwa sindano, ndipo upasuaji ufikiriwe. Lakini ngozi ya kitovu ikianza kuchubuka, kuwa na kidonda au kuvuja maji, asingoje tarehe ya kliniki. Ikipasuka, wadudu huingia moja kwa moja tumboni.

Usiku ule

Dalili za kunasa ni hizo hizo kwa wote watatu. Uvimbe uliokuwa laini unakuwa mgumu na haurudi. Unauma, na kuugusa kunauma zaidi. Mgonjwa anatapika, na matapishi yakiwa ya kijani kama nyongo jambo ni zito. Tumbo linajaa, hatoi upepo wala choo. Mtoto mchanga hawezi kusema, yeye hulia kilio ambacho ziwa halikitulizi, kisha hunyamaza kwa uchovu, na ukimya huo usikufurahishe. Vitabu husema ngozi inakuwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi upesi, utaona inazidi kuwa nyeusi, inavuta na kung'aa.

Hapo nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji, si zahanati ya jirani, na ukienda kwenye zahanati iwe ni kwa ajili ya gari la wagonjwa. Usimpe chakula wala kinywaji njiani. Usimpake chochote. Usisukume kwa nguvu ukitaka kurudisha, kwa kuwa unaweza kurudisha ndani kipande kilichokufa, ukawa umemficha daktari ugonjwa.

Kabla ya siku yenyewe

Aliyeamua kupasuliwa kwa kupanga ana kazi ya kufanya kabla ya kulazwa. Mvuta sigara aache walau wiki nne mpaka sita kabla, maana kidonda cha mvutaji hupona kwa shida na ngiri yake hurudi zaidi. Mnene sana ashauriwe apunguze uzito kwanza, na mwenye kisukari akidhibiti. Kikohozi cha muda mrefu kitafutiwe chanzo. Kushona tundu la mtu anayekohoa usiku kucha ni kujenga ukuta mbele ya mafuriko. Amwulize daktari mambo matatu: tundu lina upana gani, utatumia wavu au nyuzi, na nitapewa ganzi, sindano ya mgongo au nusukaputi. Tundu dogo huweza kushonwa kwa ganzi ya sehemu hiyo tu.

Baada ya hapo ataambiwa asinyanyue kizito kwa wiki nne mpaka sita. Hapo ndipo ushauri wa hospitali na maisha ya nyumbani vinapogombana. Ndoo ya lita ishirini ina kilo ishirini, na kwenye nyumba nyingi anayeichota ni yule yule aliyeshonwa. Anayelima ana jembe, mama ntilie ana sufuria la ubwabwa, na hakuna hata mmoja kati yao mwenye likizo ya ugonjwa yenye mshahara. Hili limwambie daktari mapema, wakati wa kupanga tarehe. Upasuaji wa kupanga una hiari hiyo: unaweza kuwekwa baada ya mavuno, au shule zinapofungwa na watoto wakubwa wapo nyumbani wa kuchota maji.